Meza ya Watasema

Tangu Machi ubao wa langoni umebadilika.
Zamani: MBWA KALI.
Sasa: MBWA KARIBU.
Fundi yule yule wa Kibuye, rangi ile ile nyekundu,
neno la kwanza hata hakuligusa,
alipaka tu ukarimu juu ya ukali
na jua likipiga, ile K ya zamani bado inachungulia.

Nami nikafunzwa upya kazi niliyodhani naijua.
Bakuli la maji litangulie menyu ya mwenyewe.
Usimshike kichwa kabla hajakunusa.
Maini ya kuku, bila chumvi, bila kitunguu, shilingi mia tisa.
Nikaandika kwenye kijidaftari:
meza ya nne, kibwa cheupe chenye utepe, hapendi karoti.
Siku hiyo jikoni tulikula sukuma
na karoti.

Alhamisi moja akaja Mzee Nyangweso,
koti la kahawia alilovaa harusi ya bintiye,
mfukoni barua ya kustaafishwa, imekunjwa mara nne.
Miaka kumi na mmoja alilinda lango hili la Milimani,
na kando yake, kwa kamba ya katani, mlinzi mwenzake:
sikio moja limechanika, mbavu za kuhesabika,
jina lake Watasema.

"Meza ya wawili. Nilipiga simu."
Kweli alipiga. Imeandikwa kwa mkono wangu mwenyewe:
Nyangweso, wawili, saa moja, upande wa ziwa.
Bi. Adhola, meneja, akatazama ubao,
akatazama mbwa,
akautazama ubao tena.
Haukuwa na maandishi madogo.
"Karibuni," akasema,
kama mtu anayetoa mwiba wa samaki kooni.

Mzee akaingia.
Watasema akafika kizingitini, akasimama.
Kamba ikavutwa, ikanyooka; miguu minne ikawa misumari.
Uma za wageni zikaning'inia hewani.
Kibwa cha meza ya nne kikabweka mara moja, kikajuta.

Hapo nikakumbuka.
Mwaka wangu wa kwanza, usiku wa mvua,
alifuata harufu ya mbuta hadi ndani, akichuruzika maji,
nikamchapa kwa ufagio.
Mara moja tu.
Kumbe ilitosha.

Basi akaketi pale pale mlangoni,
mgongo kwetu, uso barabarani,
sikio zima likipima kila bodaboda.
Mzee akala ngege wake polepole,
kisu mkono usiokizoea,
mbele yake kiti kitupu, kitambaa kimekunjwa kama ua,
glasi inayomeremeta bure.

Nikatoka na bakuli la maini. Nikapiga magoti.
"Kula, kaka."
Akaninusa mkono, muda mrefu,
kama karani anayetafuta faili la zamani.
Sijui kama alilipata.
Akarudisha macho barabarani.

Mzee akalipa kwa noti za mia mia,
akahesabu mara mbili, akaniachia hamsini.
"Maini nifungie. Huyu hali akiwa kazini."
"Lakini Mzee, kazi si imeisha?"
"Mimi nimeandikiwa barua," akasema.
"Yeye nani amwandikie?"

Wakateremka mtelemko, mmoja na mfuko wa karatasi,
mwingine akigeuka kila hatua kumi kulikagua lango,
ambako kijana mpya wa kampuni, kofia imemzidi kichwa,
alikuwa akichezea simu.
Chini kule ziwa limefunikwa na magugu,
taa za hoteli zinaelea juu ya majani, hazizami.

Jikoni Shikuku, mpishi, akaniuliza huku akifuta kisu:
"Mgeni wa meza ya saba amesema nini kuhusu maini yangu?"
"Watasema," nikamjibu, "hajasema."
Akacheka mpaka akashika meza.

Ufagio ulikuwa nyuma ya mlango, pale pale.